Kicheko Nyuma ya Mlango wa Lifti

Maneno yenyewe yalikuwa ya kawaida mno, na hapo ndipo palipokuwa na taabu. Mtu akisema "sasa hivi," mshona mapazia alihisi mikono ikimpoa mpaka viwikoni, na masikio yakijaa mvumo kama wa feni inayozunguka chumba cha pili. Na nani asiyesema "sasa hivi"? Wateja walisema kwenye simu. Karani wa benki alisema bila kuinua uso. Jirani aliwaambia watoto wake kila jioni, oga sasa hivi, kula sasa hivi, lala sasa hivi. Mchana kutwa yalimfuata, naye akayakwepa kadiri alivyoweza.

Alikuwa mwanamke wa makamo, mrefu, msemaji wa wastani, na mikono yake ilikijua kitambaa kabla macho hayajakiona. Alifanya kazi kwenye karakana ya mapazia, ghorofa ya juu kabisa ya jengo la zamani lenye maduka ya viatu chini. Karakana ilikuwa na madirisha makubwa, meza ndefu ya kukatia, na marobota ya vitambaa yaliyosimama ukutani. Upepo ukiingia, mapazia yaliyotundikwa kwa majaribio yalivimba na kunywea, yakavimba na kunywea, ukadhani chumba kizima kinapumua.

Jengo lilikuwa na lifti. Yeye alipanda ngazi.

"Unapunguza mwili?" mwenzake wa cherehani ya pili alimuuliza siku za mwanzo. "Mwili gani? Ukipunguza zaidi ya hapo tutakutundika na mapazia."

Huyu mwenzake alikuwa mfupi, wa mviringo, mwepesi wa kucheka, na wote karakanani walimwita Kifungo. Hakulichukia jina hilo. Alisema jina baya ni lile unaloitwa usipokuwepo.

Kilichompata mshona mapazia ni hiki. Alikuwa akiishi na mama yake kwenye fleti ya juu, katika jengo jingine lenye lifti, na mdogo wake wa kiume, fundi wa mafriji, akiishi upande wa pili wa mji. Alasiri moja mama alikuwa na miadi ya kupimwa presha. Yule mdogo alikuja na gari lake la kazi kuwachukua, akawa anawasubiri chini. Mama alitaka kushuka kwa ngazi, taratibu, huku ameshika ukuta, kama kawaida yake.

"Mama, tutachelewa," binti alimwambia. "Twende na lifti."

Wakaingia. Milango ikajifunga, lifti ikashuka kidogo, ikatetemeka, umeme ukakatika. Ikabaki giza, harufu ya grisi, na ufa mwembamba wa mwanga kati ya milango miwili. Mama alikaa sakafuni. Pumzi zikaanza kuwa fupi. Mdogo wake alipoona hawatokei alipanda ngazi mbio mpaka pale walipokwama, akaanza kupiga mlango kwa ngumi na kupiga kelele: "Mnatoka sasa hivi! Dada, mnatoka sasa hivi!" Alisema hivyo mpaka sauti ikamkauka. Mafundi walipofika na kuilazimisha milango kwa mtaimbo, mama alikuwa ameshakata roho mikononi mwa binti yake.

Daktari aliwaeleza kwa upole kwamba moyo wa mama ulikuwa umechoka siku nyingi, na kwamba lile jambo lingeweza kumkuta popote, hata kitandani. Akili ya mshona mapazia ililielewa hilo. Mwili wake ulilikataa katakata.

Baada ya msiba alihama, akapanga vyumba viwili vya chini. Alioga mlango ukiwa wazi. Cherehani yake ikihitaji mafuta, Kifungo ndiye aliyeipaka, kwa sababu ile harufu ilimrudisha gizani. Na mdogo wake? Walipigiana simu siku za lazima tu. Hujambo, sijambo, kazi inaendaje, inaenda, haya. Hawakugombana. Ila kila mmoja alikuwa na upande wake wa ule mlango, na hakuna aliyethubutu kubisha.

Akaenda hivyo, siku nzuri na siku mbaya, mpaka asubuhi ile ya upepo.

Mkuu wa karakana, mzee mmoja waliyemwita Mzee Futi kwa kuwa hakuvua utepe wa kupimia shingoni hata akienda kula, alikuwa ametoka nje kuongea na mteja. Upepo ukausukuma mlango, ukajibamiza, kitasa kikakwama. Mzee Futi akaanza kuugonga kwa ngumi. "Msiwe na wasiwasi humo ndani! Naufungua sasa hivi!"

Kifungo aligeuka kucheka, akaona kiti cha mwenzake kitupu. Alimkuta chini ya meza ya kukatia. Alikuwa amekumbatia robota la kitambaa cha rangi ya maziwa, amelilaza mapajani, na mkono mmoja ulikuwa unalipapasa juu, pale ambapo kingekuwa kichwa cha mtu.

Kifungo akapiga magoti, akaingia chini ya meza, na kwa umbo lake haikuwa kazi ndogo. Akakaa naye pale. Mlango ulipofunguka, Mzee Futi alichungulia, akawaona, akarudi nje taratibu na kuufunga tena kwa kidole kimoja, halafu akakumbuka, akauacha wazi.

"Niambie," Kifungo alisema mchana, walipokuwa wawili dirishani. "Ukitaka."

Akamwambia. Kifungo alisikiliza bila mzaha hata mmoja, jambo ambalo halikuwa la kawaida kwake.

"Mimi baada ya ile ajali yangu ya barabarani," alisema baadaye, "nilikuwa siwezi kuvuka barabara. Nilikuwa nasimama pembeni kama mlingoti, magari yanapita, watu wanapita, jua linazama. Kuna mama mmoja, mshauri, yuko kliniki ile ya nyuma ya posta. Alinisaidia. Anasogeza vidole, wewe unavifuata kwa macho."

"Anakulaza usingizi?"

"Usingizi wapi! Macho kodo. Na mimi siku ya kwanza nilidhani ni mazingaombwe, nikakaa nimeukumbatia mkoba wangu mpaka mwisho."

"Halafu ukapona?"

Kifungo alifikiri. "Barabara navuka," alisema. "Ajali naikumbuka. Ila siku hizi naikumbuka mimi. Zamani ilikuwa inanikumbuka yenyewe."

Chumba cha mshauri kilikuwa kidogo, kina dirisha moja lenye pazia baya. Mshona mapazia aliliona kabla ya kitu kingine chochote: pindo lilikuwa limekwenda upande. Viti viwili viliwekwa karibu lakini havikutazamana sawasawa. Vilipishana kidogo, kama watu wanaokutana kwenye korido. Mshauri alikuwa mwanamke aliyemzidi umri, mwenye viatu vya bapa na miwani iliyoning'inia kwa kamba.

"Karibu, dada. Mlango tuufunge au tuuache?"

Ilikuwa mara ya kwanza mtu kumuuliza. "Tuuache, mama."

Siku ile vidole havikuonekana kabisa. Waliongea tu: alilala vipi, alikula vipi, nani yuko naye, mambo gani mengine yalimpata tangu utoto, anatumia dawa gani. Mwishowe mshona mapazia akashindwa kuvumilia. "Na vidole?"

"Leo vimepumzika," mshauri alisema, akatabasamu. "Hatuanzi na jiwe kubwa kabla hatujajua mgongo wako." Kisha akamweleza kwa maneno mepesi. "Mambo mengi yakitupata, kichwa huyakunja na kuyaweka kabatini. Mengine huingizwa yakiwa yamelowa, mlango ukasukumwa kwa goti. Kila ukipita, yanakuangukia. Tutalitoa hilo moja, utalishika akilini kidogo kidogo, huku macho yanakwenda upande huu na upande ule. Watu wengi huona linapungua makali. Kwa nini hasa inakuwa hivyo, hata wataalamu bado wanabishana. Na si kila mtu inamfaa, nisikudanganye."

"Nitamsahau mama?"

"Hapana. Hakuna atakayekufutia mama yako. Na wewe ndiye unayeendesha. Ukitaka tusimame, inua mkono tu, sihitaji sababu. Ukitoka hapa unaweza kuchoka sana. Unaweza kuota ndoto nyingi, au machozi yakakutoka ukiwa unanunua nyanya. Usiogope. Ndiyo kichwa kinaendelea na kazi."

Mara ya pili walitafuta mahali pa kupumzikia. Mshauri alimwomba afikirie pahali popote, pa kweli au pa kubuni, ambapo mwili wake ungekubali kukaa. Mshona mapazia alifumba macho. Alitegemea kukosa. Kumbe pakaja penyewe: yeye ni mdogo, amelala chali kwenye majani, na juu yake mashuka ya nyumba ya wageni ambayo mama alikuwa akifua yameanikwa mstari baada ya mstari, meupe, yenye jua ndani yake. Upepo unayainua. Chini ya shuka la mwisho inaonekana miguu ya mama ikienda na kurudi, na maji yanadondoka, na hakuna haraka yoyote.

"Nipo," alisema, na sauti yake ikamshangaza.

"Kaa hapo kidogo," mshauri alisema. "Mambo yakichafuka, tutarudi hapo."

Ndipo, mara iliyofuata, vidole vikaja.

"Chukua ile picha inayokuuma kuliko zote."

"Ule ufa wa mwanga."

"Ukiuona, unajiambia nini juu yako mwenyewe?"

Alijibu bila kufikiri. "Mimi ndiye niliyemuua. Mimi ndiye niliyesema twende na lifti."

"Ungependa ujiambie nini badala yake, siku moja?"

Nje mtu alikuwa akifagia. "Kwamba nilikuwa naye," alisema.

Mshauri, ambaye alikwisha kuambiwa habari ya yale maneno mawili, aliyaruka kwa uangalifu. "Kwa wakati huu, linauma kiasi gani, kutoka sifuri mpaka kumi?"

"Kumi. Mngekuwa na kubwa zaidi ningechukua."

"Na mwilini liko wapi?"

"Kooni. Na hapa kifuani, kama nimewekewa pasi."

Mshauri akasogeza kiti kidogo, akainua vidole viwili mbele ya uso wake. "Kichwa kitulie, macho tu. Usilazimishe kitu, usizuie kitu. Jifanye uko dirishani kwenye treni, unatazama kinachopita."

Vidole vikaanza kwenda. Kushoto, kulia, kushoto, kulia, kwa mwendo wa haraka kidogo kuliko alivyotazamia. Mwanzoni aliona vidole tu, kucha zilizokatwa vizuri, pete nyembamba. Alijiona mjinga. Halafu ufa ukaja. Ulikuja na harufu yake, na baridi yake ya bati mgongoni, na uzito mapajani, na ngumi zile mlangoni, na moyo ukamwenda mbio hata akadhani unasikika mpaka posta.

Vidole vikasimama. "Vuta pumzi. Umepata nini?"

"Giza. Anapiga mlango."

"Twende na hilo."

Wakaenda. Ule ufa ulipanuka ukawa mlango, mlango ukawa wa stoo ya shule, ambamo wasichana wakubwa walimfungia siku moja kwa kumtania. Alikuwa amelisahau hilo kabisa. Kisha zikaja kandambili za mama, moja imelala kichalichali. Kisha hasira, nyeupe, isiyo na mtu. Kisha hasira ikapata mtu, ikamgeukia mdogo wake, kwa nini alisema uongo, kwa nini alisema mnatoka. Alilia mpaka pua ikaziba. Mshauri alimwachia karatasi za kujifutia, hakumwambia nyamaza.

"Umepata nini?"

"Rangi ya manjano. Basi. Manjano tu. Ni ujinga, eti?"

"Si ujinga. Twende na hiyo."

Manjano ikakaa, ikatanda, ikawa jua kwenye kitambaa, ikatoweka. Walipomaliza, kumi ilikuwa imeshuka ikafika saba, na ile pasi ilikuwa bado ipo lakini imepoa. Wakarudi kwenye mashuka, wakakaa huko mpaka pumzi yake ikatulia.

Alitembea kwenda nyumbani kama mtu aliyetoka homa. Mji ulionekana umeoshwa. Mwanga ulikaa juu ya vitu kwa namna ya ajabu, juu ya ndoo za muuza maua, juu ya kioo cha kinyozi, juu ya mstari wa nywele uliofagiliwa mlangoni, na sauti zilimfikia zikiwa zimelegea. Mtu alipita akisema kwenye simu, "Nipo njiani, nafika sasa hivi." Mikono ilimpoa, lakini ilichelewa. Ilipoa baada ya yule mtu kukata kona.

Ndoto nazo zikaja, kama alivyoahidiwa. Aliota lifti inakwenda upande, inatoka jengoni, inaelea juu ya barabara, inasimama kwenye madirisha ya watu. Kila dirisha lilikuwa na pazia aliloshona yeye. Pazia likivutwa, ndani kulikuwa na familia mezani, nao walimtazama bila mshangao wakasogeza kiti. Lakini lifti ilikuwa imeshaanza kuondoka. Aliamka uso umelowa, akagundua kwamba mlango wa chumba ulikuwa umejifunga na upepo, naye alikuwa amelala vilevile.

Ni mara iliyofuata ndipo likatokea lile jambo.

Vidole vilikuwa vinakwenda. Alikuwa tena sakafuni mwa lifti, lakini safari hii giza halikumkaba. Lilikuwa kubwa kidogo, lina nafasi. Akaona kwamba ule ufa ulikuwa unatua mkononi mwa mama, juu ya kidole gumba. Akaitazama ile mikunjo ya kidole. Akaisikia pumzi. Na kutoka kwenye ile pumzi, taratibu, kama redio inayotafuta stesheni, ikaja sauti.

"Hii lifti imezeeka kuliko mimi," mama alisema.

Mshona mapazia aliganda. Macho yakaendelea kufuata.

"Mama, usiongee, vuta pumzi."

"Nani huyo anayebomoa nyumba ya watu?"

"Mwanao."

"Mwambie apunguze sauti. Majirani watadhani nimemfungia nje."

Na hapo, gizani, wakati mtu anapiga ngumi na kulia upande wa pili wa bati, walicheka. Mama alicheka kile kicheko chake cha puani, na binti akacheka kwa woga na kwa kushindwa kujizuia, wakatikisika pamoja kama watu wawili walioketi nyuma ya lori. Kisha mama akaegemeza kichwa. "Mwambie mimi siogopi," alisema. "Nimechoka tu." Na baada ya muda akawa mzito.

Vidole vikasimama. Mshona mapazia alikuwa analia na kucheka, vyote viwili kwa wakati mmoja, na mkono wake ulikuwa umeshika mdomo.

"Umepata nini?"

"Alicheka. Mama alicheka mle ndani. Na mimi nilicheka." Akapangusa macho. "Nilikuwa nimelificha hata nisilione. Mtu anakufa na wewe unacheka, utamwambia nani?"

"Twende na hilo," mshauri alisema, na kwa mara ya kwanza sauti yake ilikuwa na unyevu kidogo.

Walipomaliza, mshona mapazia aliuliza, "Na kama nimelitunga? Kama nimejipikia mwenyewe, ili nipate nafuu?"

Mshauri hakumpaka mafuta kwa mgongo wa chupa. "Kumbukumbu si mkanda wa video, dada. Mimi sikuwepo, siwezi kukuapia kwamba kila neno lilikuwa hivyo. Ninachoweza kukuuliza ni kifua kikoje."

Alikisikiliza kifua. Pasi haikuwepo. Palikuwa na alama yake tu, kama pale kitambaa kilipokaliwa na kitu kizito.

Lakini swali lilimng'ang'ania. Alilibeba kwenda kazini, akalishona ndani ya mapindo ya mapazia ya ukumbi mzima, akalala nalo. Mwisho akachukua simu.

"Friji langu linanguruma," alimwambia mdogo wake. Haukuwa uongo. Lilikuwa linanguruma tangu alipohamia, naye alikuwa amelizoea kama mpangaji mwenzake.

Mdogo wake alikuja Jumamosi asubuhi na mfuko wake wa vifaa. Alikuwa amekonda, na mvi zilikuwa zimemwingia juu ya masikio. Hujambo, sijambo. Akalivuta friji, akapiga magoti nyuma yake, akawasha tochi. Dada yake alisimama mlangoni mwa jiko na kuongea na mgongo wake, kwa sababu uso ungemshinda.

"Siku ile," alisema. "Wewe ulikuwa nje. Ulisikia nini?"

Spana ikasimama. "Kwa nini unaniuliza?"

"Nataka kujua tu."

"Tuachane na hayo, dada."

"Nakuomba."

Mdogo wake aliiweka spana chini. Friji lilikuwa limezimwa, na bila ule mngurumo nyumba ilikuwa na kimya ambacho haikupata kuwa nacho.

"Utanicheka," alisema. "Au utanichukia. Nilisikia mtu anacheka."

Mshona mapazia alishika fremu ya mlango.

"Niliacha kupiga ili nivute pumzi," aliendelea mdogo wake, bado amelitazama friji, "nikasikia kicheko. Wazi kabisa. Nikajua nimerukwa na akili. Baadaye nikasema labda ni wewe, labda wewe ndiye umerukwa. Nikakuchukia, dada. Halafu nikajichukia kwa kukuchukia. Ndiyo maana siji kwako. Nikikuona nakisikia."

"Alikuwa mama."

Akageuka.

"Alikuwa mama," dada yake alirudia. "Na mimi. Aliuliza nani anabomoa nyumba ya watu. Nikamwambia ni wewe. Akasema upunguze sauti, majirani watadhani amekufungia nje."

Mdogo wake alikaa chini pale pale, mgongo kwenye friji, tochi mkononi inamulika dari. Uso ulimkunjamana. Mwanzoni dada alidhani analia, kumbe alikuwa anacheka, kile kile kicheko cha puani, cha mama mtupu. Na kilipofika katikati kikavunjika, akalia kama mtoto, kwa sauti, mabega yakiruka.

"Ndiye," alisema alipopata pumzi. "Ndiye huyo huyo. Alipolazwa ile mara ya kwanza alikuwa anaziba kikohozi na mto, eti asiwaamshe wagonjwa."

Dada akaja akakaa naye sakafuni, bega kwa bega. Vumbi la nyuma ya friji lilikuwa limewazunguka.

"Kuna lingine," alisema. "Alinituma kwako. Alisema nikwambie haogopi. Amechoka tu."

Mdogo wake aliizima tochi, akaiwasha, akaizima. "Mbona hukuniambia siku zote?"

"Nilikuwa sijui kama ninayo hiyo salamu."

"Mimi niliwaambia mnatoka sasa hivi," alisema polepole. "Niliwadanganya. Nilikuwa sijui lolote. Hata fundi alikuwa hajajibu simu."

Mshona mapazia aliyasikia yale maneno mawili. Yaliingia, yakatazama huku na huku, yakatoka. Mikono yake ilikuwa vuguvugu, mmoja ulikuwa umeshika kiwiko cha mdogo wake.

"Alijua uko pale," alisema. "Hayo mengine hayakumhusu. Alijua mwanawe yuko mlangoni."

Walikaa hivyo mpaka jua la dirishani likahama kutoka ukutani likaja magotini mwao. Kisha yule fundi akasema kitu kimekatika ndani ya mota, kifaa chake atakuja nacho kesho, na kwa leo chai waitie maziwa yote kabla hayajaharibika. Wakanywa chai. Wakasimuliana habari za mama mpaka wakachoka, nyingine za kweli, nyingine zilizotiwa chumvi na mama mwenyewe akiwa hai.

Aliendelea kwenda kwa mshauri kwa muda. Mlango walianza kuurudishia, kisha siku moja wakaufunga, na hakuna aliyepiga makofi. Mara ya mwisho alijaribu kuitafuta ile picha inayouma, akaipata, lakini ilikuwa imekaa mbali, ya zamani, kama kitu kilichotokea na kwisha. Ilihuzunisha, ndiyo. Haikumrukia. Alipoambiwa aseme tena ile sentensi aliyoichagua, aliisema kwa sauti ya kawaida: "Nilikuwa naye." Mshauri akamwambia aichunguze miguu, tumbo, mabega, kama kuna palipokaza. Alichunguza. Shingo tu, akasema, na hiyo ni ya cherehani.

Lifti ya karakana alipanda siku moja pamoja na Kifungo, ghorofa moja tu, Kifungo akiongea mfululizo bila nukta mpaka milango ikafunguka. Zile nyingine akazimalizia kwa ngazi, jasho kwapani. Kesho yake hakupanda kabisa. Kesho kutwa alipanda.

Na alasiri moja, akiwa ameshika kitambaa cha dirisha refu, simu ikalia. Ni mdogo wake. Nyuma yake zilisikika honi za barabarani.

"Dada, nimetoka kwa yule mama wako wa vidole."

Hakuwa amemwambia aende. Alimwachia tu anwani kwenye karatasi iliyobandikwa kwenye friji. "Enhe? Imekuwaje?"

"Hata vidole sijaviona. Kaniuliza maswali mpaka nimechoka, utadhani nimebeba mafriji yote ya mji huu mgongoni."

"Ndivyo inavyoanza."

"Halafu kaniambia nitafute mahali pa kupumzika kichwani. Nimekosa, dada. Nimezunguka kichwa kizima. Mwisho nimemwambia chumba cha baridi cha kuhifadhia nyama, kile ninachokwenda kukitengeneza, kwa sababu mle hakuna simu inayoshika. Kacheka! Mshauri mzima!"

"Na wewe?"

"Na mimi nikacheka." Honi zikapita. "Kaniambia nirudi wiki ijayo. Nadhani nitarudi."

"Rudi," alisema dada yake, na kwa mkono ulio huru akaendelea kulinyoosha lile pindo mezani, kidogo kidogo, huku mdogo wake akimweleza habari za kile chumba cha baridi: jinsi mlango wake ulivyo mnene, jinsi pumzi inavyoonekana ukiwa ndani, na jinsi kulivyo kimya.